Mtetemeko Uletwao na Dawa

Katika mji wa Goma, ulioketi baina ya ziwa Kivu na mlima Nyiragongo, mtu akionekana ameshika kikombe cha chai na kikombe kikamchezea mkononi, waliomzunguka hawakawii kutoa hukumu: huyu asema ni malaria inayoanza, yule asema ni khofu iliyobaki moyoni tangu vita, wa tatu, ikiwa mwenye kikombe ni mtu wa makamo, husema kwamba uzee umebisha hodi, na wa nne huenda akanong'ona habari za husuda na uchawi. Malaria hutetemesha kweli, khofu hutetemesha, na uzee nao una mtetemeko wake. Ila ni nadra kumsikia hata mmoja wao akiuliza swali ambalo lingepasa kutangulia yote, yaani, ndugu huyu amemeza dawa gani katika majuma haya? Dawa nyingi zitolewazo kila siku hospitalini na kuuzwa katika farmasi za Birere, Majengo na Ndosho, dawa njema zenye kuokoa roho za watu, zina tabia ya kuitikisa mikono ya baadhi ya wazitumiao. Na asiyelijua jambo hilo hukimbilia kutafuta ugonjwa mpya, ilhali sababu imo ndani ya mfuko wake mwenyewe.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba hapana mkono wa binadamu uliotulia kabisa. Nyosha mkono mbele, tandaza vidole, weka juu yake karatasi nyepesi, nawe utaiona karatasi ikicheza, kwa kuwa misuli ya mtu mwenye siha kamili huenda na kurudi mara 8 hadi 12 katika kila sekunde, mwendo mdogo ambao macho matupu hayautambui. Baridi, njaa, uchovu, hasira na khofu huukuza mwendo huo, kwa sababu katika hali hizo mwili humwaga katika damu homoni ya adrenalini; na dawa nyingi zenye kutetemesha hazifanyi zaidi ya hayo, bali huukuza mtetemeko ambao mtu alizaliwa nao mpaka ukawa dhahiri. Mtetemeko wa namna hii huishika mikono yote miwili, huonekana mtu akiinyosha au akishika kitu, na aghalabu hupoa mikono ilazwapo mapajani.

Iko namna ya pili, iliyo kinyume cha hiyo: mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, na hutulia kidogo utumwapo kazi. Mwendo wake ni wa pole, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na pamoja nao huja kukakamaa kwa viungo, hatua fupi, na uso usioonyesha furaha wala huzuni. Maradhi yenye dalili hizi yalielezwa na tabibu wa London, James Parkinson, mwaka 1817, na hata leo yanaitwa kwa jina lake. Walakini ziko dawa ziwezazo kumfanya mtu afanane na mgonjwa wa Parkinson hali hana maradhi hayo. Namna ya tatu hutoka katika ubongo mdogo ulio kisogoni, ambao kazi yake ni kuusawazisha mwendo: mtu hunyosha mkono kushika kitu, na kadiri anavyokikaribia ndivyo mkono unavyozidi kwenda mrama. Hiyo ni dalili nzito, na ikimtokea mtu anayetumia dawa za kifafa au za akili, yapasa ishukiwe upesi kwamba dawa imezidi katika damu.

Kwinini, sukari na njaa

Na tuanze na dawa ambayo watu wa Kivu wana haki ya kuijua kuliko wengi, nayo ni kwinini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa katika magome ya mti wa sinkona, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Baadaye mti huo ukapandwa Java, na kisiwa hicho kikawa ghala ya dunia. Wajapani walipokiteka mwaka 1942, katika Vita Vikuu vya Pili, mashamba ya sinkona ambayo Wabelgiji walikuwa wameyaanzisha katika nyanda za juu za Kivu yakapata thamani isiyo kifani, na huko Bukavu kiwanda cha Pharmakina kikaja kutengeneza kwinini kutokana na magome ya miti hiyo. Wazee wa jimbo hili hawahitaji kufundishwa uchungu wake ulimini, wala ule mvumo wa masikio umfuatao mtu aliyeimeza.

Lakini kwinini ina taathira nyingine, isiyojulikana kama mvumo wa masikio: huichochea kongosho kumwaga insulini, na insulini ikizidi, sukari ya damu hushuka. Sukari ishukapo mwili huomba msaada wa adrenalini, na mgonjwa huanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, moyo kumwenda mbio na fikira kumpotea. Na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito, na kwa mtoto ambaye malaria yenyewe imekwisha kumpunguzia sukari. Hapa ndipo penye mtego. Mgonjwa aliyeletwa akitetemeka kwa malaria, akatiwa kwinini mshipani, akatulia, kisha akaanza kutetemeka tena, huonekana machoni pa jamaa zake kwamba homa imemrudia kwa nguvu mpya; nao huomba aongezewe dawa, na muuguzi aliyekesha huenda akakubali, ilhali kinachohitajika ni tone la damu la kidoleni lipimwe sukari, na ikionekana imeshuka mgonjwa apewe glukosi. Kwa sababu hiyo kwinini ya mshipani aghalabu hutiwa ndani ya maji ya glukosi, na mwenye busara anayemuuguza nduguye haoni haya kuuliza kama sukari imepimwa. Mtetemeko wa malaria hutangulia homa, meno yakagongana na mgonjwa akaomba blanketi, na jasho huja mwishoni. Mtetemeko wa sukari iliyoshuka huja pamoja na jasho, na mara nyingi pamoja na njaa.

Jambo hili si dogo katika nchi ambayo, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, hubeba kiasi cha asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria ulimwenguni, ikitanguliwa na Nigeria peke yake. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyiwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania: katika waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, na katika waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti walifariki asilimia 8.5, tena waliopewa artesuneti walishukwa na sukari kwa uchache zaidi. Tangu hapo artesuneti ndiyo inayotangulizwa kwa malaria kali, na kwinini hushika zamu mahali artesuneti ilipokosekana. Na katika vijiji ambavyo barabara zake hufungwa na vita mara kwa mara, kukosekana huko si jambo la ajabu.

Mtetemeko huo huo wa sukari humfika mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi. Dawa yake ilipimwa kwa mtu anayekula mara tatu kwa siku; naye akiwa amelazimika kuikimbia nyumba, akalala kambini kwa mlo mmoja tu, lakini akameza kidonge chake kwa utiifu kama alivyoagizwa, dawa itaendelea kuifukuza sukari ambayo haikuingia mwilini. Mtu wa namna hiyo akianza kutetemeka na kutoka jasho huku angali anaweza kumeza, vijiko vichache vya sukari katika maji, au soda tamu, humrudisha katika hali yake. Na akikwisha kurudi, ale chakula, kisha akamwone daktari ili kipimo cha dawa kilinganishwe na riziki anayoipata.

Dawa za kifua

Hewa ya Goma ina mavumbi meusi ya mawe ya volkeno, yaliyosagwa na magurudumu ya magari na pikipiki tangu mlipuko wa 17 Januari 2002 ulipoupitisha moto katikati ya mji. Na juu ya mavumbi hayo kuna moshi wa makaa katika nyua zilizosongamana. Mwenye pumu hapati nafuu kirahisi katika hewa ya namna hiyo, na dawa anayoikimbilia aghalabu ni salbutamoli. Hiyo huifungua mirija ya pumzi kwa kuigusa milango ile ile ambayo adrenalini huigusa. Bali milango hiyo haimo mapafuni pekee, imo pia katika misuli ya mikono, na kwa hiyo pumzi ifungukapo vidole navyo hucheza. Anayeivuta dawa kwa kipulizio huipeleka moja kwa moja kifuani, nayo kwa kiasi kidogo sana. Anayeimeza kwa kidonge au kwa maji huisambaza mwili mzima, na mkono wake hutetemeka zaidi. Aidha, kwa anayeitumia kila siku mtetemeko huu hupungua wenyewe baada ya siku kadhaa, na mtu aliyeambiwa hivyo mapema hatashtuka.

Dawa nyingine ya kifua ni teofilini, ambayo ni ya ukoo mmoja na kafeini iliyomo katika kahawa. Mgonjwa anayetumia teofilini na kunywa vikombe vya kahawa ya Kivu tangu asubuhi hadi jioni anarundika mzigo juu ya mzigo. Na akiongeza juu yake siproflokasini kwa ajili ya tumbo, au eritromisini kwa ajili ya koo, dawa mbili ambazo hununuliwa kwa urahisi bila karatasi ya daktari, mwili wake hushindwa kuitoa teofilini kama desturi, nayo hujaa katika damu mpaka kutetemeka kukafuatwa na kutapika, moyo kupiga bila mpango, na hata degedege. Dawa mbili, kila moja halali kwa nafsi yake, zaweza kukosana zikutanapo katika mwili mmoja, na daktari hawezi kuuona mkutano huo ikiwa mgonjwa amemficha nusu ya anachokimeza.

Pana hadhari moja zaidi ambayo haifai kupitwa. Mtetemeko wa namna ya kwanza huweza kutulizwa kwa propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu. Kwa hiyo mwenye pumu anayetetemeka kwa salbutamoli, akaenda farmasi akalalamikia mikono bila kulitaja kifua, aweza kupewa propranololi. Dawa hiyo huifunga milango ambayo salbutamoli huifungua, na yaweza kumkaba pumzi hata kumwua. Tiba ya mkono ikawa ndiyo msiba wa kifua.

Dawa za kifafa na za akili

Katika wagonjwa wa kifafa, valproati hutetemesha mikono ya baadhi yao, na mtetemeko huo hupanda na kushuka pamoja na kipimo: dawa ikipunguzwa kwa utaratibu, mkono hutulia. Amitriptilini, ambayo hutolewa kwa huzuni kuu na kwa maumivu ya neva, ina tabia kama hiyo, na kadhalika fluoksetini na jamaa zake. Sikloserini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu sugu kwa tiba za kawaida, nayo imo katika orodha. Lithiamu, chumvi ya madini ambayo ardhi ya Manono, katika jimbo la Tanganyika, ina akiba yake kubwa, huwatuliza watu ambao akili yao hupanda kwa furaha ya kupindukia na kushuka kwa majonzi. Vidole vya wengi wanaoitumia hutetemeka kidogo, jambo lisilo na hatari. Lakini mgonjwa huyo akipatwa na kuhara au kipindupindu, maradhi ambayo Goma imeyajua kwa msiba mkubwa tangu mwaka 1994, maji na chumvi vikamtoka mwilini, au akanunua diklofenaki na ibuprofeni kwa ajili ya mgongo, lithiamu hubaki damuni na kuzidi. Hapo mtetemeko mwembamba hugeuka kuwa mnene, mikono ikapiga ovyo, hatua zikayumba na ulimi ukawa mzito. Na mtu wa namna hiyo hafai kungojeshwa hata siku moja kabla ya kupelekwa hospitali.

Kuhusu mtetemeko wa namna ya pili, ule unaofanana na Parkinson, hadithi yake inagusa misitu ya Kongo yenyewe. Kuna humo mti mdogo ambao waganga wa jadi wameutumia tangu zamani kuwatuliza wenye wazimu, nao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia vomitoria. Katika mizizi ya jamaa yake wa Bara Hindi, mwaka 1952, wanakemia wa Uswisi walitoa dawa ya reserpini. Na mizizi ya mti wa Kongo, yenye dawa hiyo hiyo, ikawa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo. Reserpini ilishusha shinikizo la damu na kuzituliza akili zilizochafuka, ila baadhi ya walioimeza walikakamaa na kutetemeka. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, mtaalamu wa Sweden, aliwapa sungura reserpini wakalala wasijimudu, kisha akawapa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kiitwacho dopamini, na sungura wakainuka. Kwa ugunduzi huo ikafahamika kwamba ubongo hauwezi kuuongoza mwendo bila dopamini, na Carlsson akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000.

Faida ya habari hiyo kwa msomaji ni hii: dawa yoyote yenye kuimaliza dopamini ubongoni, au kuifungia mlango isifanye kazi, yaweza kumletea mtu mtetemeko na kukakamaa. Klopromazini, iliyoanza kutumiwa Paris mwaka 1952 kwa wagonjwa wa akili, ni mojawapo. Haloperidoli, iliyotengenezwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji, wakati nchi hiyo ingali inaitawala Kongo, ni nyingine. Dawa hizi zimewarudisha watu wengi nyumbani na kazini, na kazi ya vituo kama Tulizo Letu, kinachoendeshwa mjini Goma na watawa wa Frères de la Charité, ni vigumu kuifikiria bila dawa za jamii hiyo. Pamoja na hayo, nyumba inayompokea mgonjwa anayezitumia yapasa ijue kwamba akianza kutembea kama mtu wa mbao, mate yakamtoka na mikono ikatetemeka imepumzika, huo si wazimu uliozidi. Ni kazi ya dawa yenyewe, nayo yaweza kupunguzwa, kubadilishwa, au kusindikizwa na dawa nyingine ya kuilainisha.

Wengi hawajui kwamba dawa ya kawaida ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, huufunga mlango ule ule wa dopamini. Hupewa watu wasio na ugonjwa wowote wa akili, watoto na vijana wakiwamo, na baadhi yao, hususan vijana, hujikuta baada ya siku moja au mbili shingo imepinda, macho yamegeukia juu, taya imejifunga na ulimi umetoka nje; wazee waitumiao kwa miezi hutetemeka kama wenye Parkinson. Kwa sababu hiyo, mwaka 2013, mamlaka ya dawa ya Ulaya iliagiza isitolewe kwa zaidi ya siku 5, wala isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Chupa iliyobaki nyumbani tangu mwaka jana haifai kufunguliwa kwa kila kichefuchefu.

Mkasa wa Ituri

Jinsi ujinga wa jambo hili uwezavyo kuwa ghali ilidhihirika karibu na hapa, upande wa kaskazini mwa Kivu ya Kaskazini. Tangu Disemba 2014, katika sehemu ya Jimbo la Mashariki ambayo sasa ni jimbo la Ituri, watu walianza kufikishwa hospitalini shingo zimekaza, nyuso zimepinda na ndimi hazitii, na wengi wao walikuwa watoto. Kukaza kwa shingo kulizielekeza fikira za kila mtu kwenye homa ya uti wa mgongo, ambayo huua upesi na kuenea kwa kasi. Kukatangazwa shaka ya mlipuko, na madaktari wa Médecins Sans Frontières wakaingia kuchunguza. Lakini ishara za homa hiyo hazikukamilika, na uchunguzi ukageukia vidonge ambavyo wagonjwa walikuwa wamevimeza. Vilikuwa vya manjano, vikiuzwa katika makopo yaliyoandikwa diazepamu; navyo vilipopimwa maabara, ndani hamkuwa na diazepamu, mlikuwa na haloperidoli.

Diazepamu ya kweli huilegeza misuli. Ile ya bandia iliikaza. Hadi Agosti 2015 waliolazwa walikuwa wamepita watu 1,000, na baadhi yao walifariki. Mwezi wa Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kutoa onyo kwa nchi zote. Ni kweli kwamba hapa kulikuwa na ghiliba ya waliotengeneza na kuuza dawa ya uongo, wala si taathira ya kawaida ya dawa iliyoandikwa na daktari, bali misuli ya watoto wale iliitikia haloperidoli kama misuli ya binadamu yeyote iwezavyo kuiitikia, na mlango wa kuufikia ukweli ulifunguka pale tu swali lilipobadilika kutoka "ni ugonjwa gani?" likawa "wamemeza nini?"

Hatari ya swali hilo kukosa kuulizwa haiko kwetu peke yetu. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika jimbo la New Jersey wazee waliotumia metoklopramidi walielekea kuanzishwa dawa ya Parkinson mara 3 zaidi ya wasioitumia: daktari aliuona mtetemeko, akauita ugonjwa, akaongeza levodopa juu ya dawa iliyouleta. Levodopa nayo huleta kichefuchefu. Na kichefuchefu humrudisha mgonjwa kwenye metoklopramidi. Kwa njia hiyo mtu huzungushwa kutoka dawa hadi dawa, akitumia fedha na nguvu, pasipo hata mmoja kuigusa sababu.

Namna ya kuutambua, na namna ya kujiongoza

Watu wa Goma hawahitaji kuambiwa kwamba mtikisiko mmoja waweza kuwa na asili nyingi. Nyiragongo ulipolipuka 22 Mei 2021, na ardhi ikaendelea kutikisika kwa siku kadhaa hata serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkeno hawakutosheka kusema kwamba nyumba zinatikisika. Waliuliza mitikisiko ilianza lini, inatoka wapi na inakwenda vipi. Mtetemeko wa mkono nao wataka maswali kama hayo. La kwanza ni la wakati: je, ulianza baada ya dawa mpya, au baada ya kipimo kuongezwa, au baada ya dawa ya pili kuingia juu ya ya kwanza? La pili ni la upande: mtetemeko wa dawa aghalabu huishika mikono yote miwili, na Parkinson ya asili mara nyingi huanza upande mmoja. La tatu ni la hali: mkono hutetemeka umepumzika, umenyoshwa, au unapokifikia kitu? La nne ni la ukoo, maana pia uko mtetemeko wa kurithi, ambao baba alikuwa nao na babu kabla yake, wala hauna dawa yoyote ya kulaumiwa.

Majibu yakielekea kwenye dawa, shauri kubwa kuliko yote ni kwamba mgonjwa asiitupe kwa uamuzi wake mwenyewe. Aliyetumia diazepamu au fenobarbitali kwa muda mrefu, akaacha ghafula, hutetemeka zaidi ya alivyokuwa, na aweza kuangushwa na degedege. Mwenye kifafa akiiacha valproati kwa sababu ya vidole vyake, kifafa chaweza kumkuta jikoni mbele ya moto. Na mwenye pumu hana haki ya kuacha kuvuta pumzi ili aandike vizuri. Dawa hupunguzwa kwa hatua, na mwenye kuipima hatua ni tabibu. Mara nyingi mtetemeko hukoma baada ya siku au majuma machache. Ule unaofanana na Parkinson waweza kuchukua miezi, na kwa baadhi ya watu dawa huwa imefunua ugonjwa uliokuwa ukijificha. Zipo, hata hivyo, dalili zisizovumilia kungoja: kutetemeka pamoja na kuchanganyikiwa, pamoja na homa kali na mwili kukakamaa kama ubao, pamoja na degedege, au pamoja na ulimi na shingo vilivyokaza hata kupumua kukawa taabu. Hizo ni za hospitali saa hiyo hiyo.

Aendaye kwa daktari na achukue kila anachokimeza, vya hospitali, vya farmasi, vya jirani na vya mganga wa mitishamba, pamoja na makopo na karatasi zake, kwa kuwa mkasa wa Ituri umetufundisha kwamba jina lililoandikwa juu ya kopo si ithibati ya kilichomo. Yafaa pia dawa zinunuliwe mahali ambapo asili yake inajulikana, mahali panapoipokea shehena yake kwa mizani na karatasi, kama vile vituo vinavyopata dawa kutoka ghala ya shirika la ASRAMES hapa Goma. Na muuguzi anayeuona mtetemeko usioeleweka, hasa ukiwashika watu wengi kwa pamoja, auandike na kuupeleka kwa wakuu wake wa afya, asiuache ukapotea katika daftari la zamu.

Wajibu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko juu ya mwenye kuitoa dawa. Hakuna aliye na haki ya kumpa mtu kidonge chenye kutikisa mikono bila kumwambia maneno matatu: kwamba mikono yaweza kutetemeka, kwamba asiache dawa kwa ajili hiyo bali arudi, na ni dalili zipi zikimtokea asingoje. Fundi cherehani wa Virunga, au kinyozi wa Katindo, mikono yake ndiyo mtaji wake. Akijua kwamba huo ni mtetemeko wa dawa, ataweza kuchagua pamoja na tabibu wake, ama auvumilie kwa kuwa mdogo, ama kipimo kipunguzwe, ama itafutwe dawa nyingine. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki na uwanja wa ndege vikafungwa, dawa yenyewe imekuwa ngumu kupatikana kwa wengi. Lakini maneno hayo matatu hayangoji ndege wala fedha, na muuguzi aliye mbele ya mgonjwa anaweza kuyasema leo.